Ramani ya Kambi Mpya

Kambi Mpya, Litein
11 Februari 2024

Kwa baba yangu, Tata mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini magoti yamepoa na mama amepona kile kikohozi. Huku tuko wazima. Mvua imechelewa lakini majani bado yanachumwa. Nakuandikia kwa vile simu uliikataa tangu masikio yapungue nguvu.

Kazi hii ya uhudumu wa afya iliyonirudisha huku imenizungusha mtaa mzima. Nimeandikisha nyumba mia moja na nne, watu mia nne thelathini na mmoja, na zaidi ya nusu ni watoto. Wakipsigis ndio wengi, halafu sisi Wakisii, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, na mzee mmoja Mturkana anayelinda ghala la mbao. Tangu mashine za kuchuma chai zije, wachumaji waliobaki ni thelathini na sita tu. Wengine wamegeuka mafundi, waendesha boda, wauza mboga.

Mume wa Molly, mama mmoja wa hapa mtaani, alipoachishwa kazi, na Molly ana pacha wachanga, wanawake wa laini yao, ile safu yao ya nyumba, walipeana zamu. Leo Gogo Taprandich, yule bibi mzee Mkipsigis, analeta maziwa, kesho Nyathira, mke wa fundi cherehani, analeta githeri ya mahindi na maharagwe. Hakuna aliyeitisha mkutano. Watoto hapa wanacheza kwa Kiswahili, wanatukanana kwa Kipsigis, na wakiumia wanalia kwa lugha ya mama zao.

Nilikuwa na miaka kumi na nne tulipohama, Tata, sikujua mtaa huu ni mzuri hivi. Nimechora ramani yake: kila nyumba, jina la mwenyewe, na kabila lake kwa rangi. Nataka kuibandika ukutani pale kliniki watu wajione. Nakala yako hii hapa.

Mwanao,
Nyakerario

*

Nyamira
25 Februari 2024

Kwa mwanangu Nyakerario,

Salamu zako tumezipokea. Mama yako hakohoi tena. Magoti ni yale yale.

Habari ya pacha nilimsomea mama yako mara mbili. Akasema watu hao wana Mungu. Ramani pia ni nzuri, una mkono wa kuchora. Lakini usiibandike. Karatasi inayosema nani analala wapi na ni wa kabila gani, leo ni pambo. Siku nyingine itasomwa na mtu mwenye nia nyingine. Niliyaona hayo mwaka ule wa vurugu za uchaguzi. Usiniulize zaidi.

Huyo Nyathira ni mke wa Nganga? Kwani walirudi?

Baba yako,
Kebaso

*

Kambi Mpya
10 Machi 2024

Tata,

Mko wazima? Sisi tumepata mvua, shukrani kwa Mungu.

Barua yako ilinikasirisha, nisikufiche. Nikaenda kwa Gogo Taprandich nikitaka aniunge mkono. Aliitazama ramani, akaniambia umesema kweli, akarudi jikoni. Basi nimechora nyingine isiyo na rangi. Daftarini, mahali pa kabila, nimeandika lugha ambayo mtu angependa kuhudumiwa nayo akiugua. Nyumba nyingi zimetaja mbili. Wambugu mwenye duka, Mkikuyu kabisa, ametaja Kipsigis. Anasema siku hizi ndiyo anayoota nayo.

Ndiyo, Nyathira ni mke wa Nganga. Walirudi baada ya miaka mitatu. Nganga huwashonea mayatima wa mtaa sare za shule bila kuuliza ni wa nani. Nilipomwambia mimi ni binti wa Kebaso alisimamisha cherehani, akaniangalia sana, kisha akaniuliza kama unaendelea vizuri. Mbona hukuniambia mlifahamiana?

Mwanao,
Nyakerario

*

Nyamira
2 Juni 2024

Mwanangu,

Nakusalimu, na unisamehe kunyamaza karibu miezi mitatu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naanza barua hii na kuichana.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa vurugu. Vijana walinikuta mlangoni petu. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa nyumba za mtaa, najua kila mlango. Wakaniuliza Mkikuyu anakaa wapi. Ninyi na mama yenu mlikuwa ndani, nyuma yangu. Nikanyoosha kidole kwa Nganga, mtu niliyekuwa nakula kwake kila Jumapili.

Nganga na mkewe hawakuwemo. Gogo Taprandich alikuwa ameshawaingiza kwake, na vijana walipofika mlangoni pake aliwakemea, wengine wana wa ndugu zake, mpaka wakaondoka. Mwanamke peke yake, na mwiko mkononi. Nyumba ya Nganga iliteketea pamoja na cherehani yake.

Ninyi niliwaambia tulifukuzwa. Hakuna aliyetufukuza. Nilishindwa kupita mbele ya lile jivu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Nganga. Mpelekee. Usipoweza, sitakulaumu.

Baba yako,
Kebaso

*

Kambi Mpya
23 Juni 2024

Tata,

Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima.

Siku nne nilipita nyumba zote nikauruka mlango wa Nganga. Ya tano nikaingia. Hakuifungua barua. Aliniambia, “Nilimwona akinyoosha kidole. Nilikuwa dirishani kwa Gogo.” Miaka hii yote, Tata, na alinishonea sketi ya kazi, akanipokea kama mtoto wake. Nikaanza kuomba msamaha kwa ajili yako, akanikataza. Alisema nilikuwa mtoto. Kisha akanirudishia bahasha. “Mwambie karatasi sitaki. Aje.”

Nina hasira na wewe, na bado wewe ni baba yangu. Wiki ya kwanza ya Agosti nitakuwa Longisa kwa mafunzo. Ufunguo nitauacha kwa Gogo.

Nyakerario, mwanao

*

Kambi Mpya, nyumbani kwako
6 Agosti 2024

Mwanangu Nyakerario,

Natumaini mafunzo yanaendelea vizuri. Naandika mezani pako. Barua utaikuta hapa ukirudi. Gogo alinipa ufunguo na chai, hakuniuliza kitu.

Nilipiga hodi kwa Nganga saa saba mchana. Amezeeka kama mimi. Maneno niliyoyapanga miaka kumi na sita yalinipotea yote. Nikasema tu, “Ni mimi niliyewaonyesha.” Akajibu anajua, nikae. Nyathira akaongeza sahani. Tukala, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Baadaye alinitembeza mtaani. Ulivyoueleza ndivyo ulivyo, hata umeupunguzia sifa. Nimewabeba wale pacha. Nimemsikia Wambugu akibishana na wateja kwa Kipsigis, watu wanacheka. Ulipokuwa ukitajwa, kila mtu alisema “binti yetu”, na sikujua niangalie wapi.

Jioni Nganga alinisindikiza hadi hapa mlangoni. Nikamwuliza kama amenisamehe.

“Sijamaliza,” akasema. “Kuna siku naona nimefika, kesho yake naanza upya. Ukikaa kule Nyamira sitamaliza. Njoo tena mwezi ujao.”

Nimemwambia nitakuja.

Baba yako,
Kebaso