Ruhusa ya Verediana

Katubuka, Kigoma

Mdogo wangu Verediana,

Huku hatujambo. Mbuzi wako kazaa mapacha, na mimi nimerudi shule. Usicheke! Ni warsha ya kutufundisha kuandikia majarida kama waandishi wa kujitegemea, na wenzangu wote ni watoto wa juzi. Makala yangu ya kwanza ilihusu goti langu. Mwalimu wetu, binti Asnath, akasema, "Mzee Elikana, shikamoo, lakini goti hili halina msomaji."

Basi nikaandika ulivyokuwa ukianika dagaa ufukweni Mwamgongo, ukiwageuza mchangani huku ukimgombeza shemeji Feliksi kwa kuchelewa kutoka ziwani. Nikaishia asubuhi ile ambayo hakurudi. Asnath anataka tuitume makala hiyo kwa mhariri, ila kasema lazima mwenyewe uridhie kwanza.

Tangu tumalize matanga hujakanyaga Kigoma, wala sikulaumu. Ukikataa, naichana. Ila usikatae kwa simu. Njoo ukatae mbele yangu. Nitakupikia dagaa niliowaanika kwa mikono yangu, wamejaa mchanga, sasa unigombeze mimi.

Kaka yako mwanafunzi,
Elikana