Pikapu ya Baba na Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Novemba

Pikapu imezimika tena. Nimetoka nayo gereji ya Ufukoni baada ya kazi, nikafika njia ya bandarini, ikakohoa, ikazima. Nyuma malori ya korosho yananipigia honi. Aibu. Baada ya robo saa nikapiga stata, ikawaka kama haijawahi kuugua. Nikairudisha gereji. Fundi Chande ameshabadilisha filta ya dizeli, amesafisha nozeli, ametoa upepo kwenye mabomba. Sasa anasema injini imechoka, tutafute nyingine.

Baba aliiendesha miaka ishirini na mbili. Mimi imenishinda ndani ya wiki tatu.

Jumanne, 5 Novemba

Kaka Selemani kapiga simu kutoka kijijini kwake. Amepata mnunuzi wa chuma chakavu, anakuja Jumamosi. Siwezi kumlaumu. Kwenye arobaini ya baba tulikubaliana wote: isipotengenezeka, iuzwe.

Lakini korosho za mama mdogo zimelundikwa shambani, kule karibu na mto Ruvuma, na mawingu yameanza kukaa. Msimu huu magari ya kukodi hayapatikani. Yeye hajasema neno. Nina hasira na sijui namkasirikia nani.

Jumatano, 6 Novemba

Mama mdogo amekuja mjini na basi la asubuhi.

Niandike ukweli. Miaka kumi na moja tangu baba amwoe, mama yangu akiwa ameshafariki, na sijawahi kumuuliza chochote zaidi ya hali yake. Kwangu alikuwa mwanamke aliyevuka Ruvuma na kapu lake, akapata nyumba. Basi.

Nilipotoka kazini nilimkuta gereji, amesimama mbele ya boneti.

“Ikizima, ukingoja kidogo inawaka?” alimuuliza fundi.

“Inawaka, mama.”

“Basi injini ni nzima. Shusha tangi.”

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Mama mdogo akaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani. Uchafu wa kwenye tangi unanyonywa mpaka mdomo wa bomba, unaziba. Gari likizima, unaanguka, njia inafunguka. Iliwahi kuwatokea njiani, yeye na baba. Yeye ndiye aliyepuliza bomba kwa mdomo, baba akipiga stata.

Sikujua. Hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Tangi limeshushwa. Kutu imetoka kama majani ya chai, viganja viwili, na kipande cha kitambaa.

Fundi Chande akavua kofia. “Mama, miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Leo umenifundisha.” Nimempenda kwa hilo. Wengine wangenuna.

Wakatia kokoto na dizeli kidogo ndani ya tangi, wakalitikisa, yeye upande huu, mama mdogo upande ule, kanga kaifunga kiunoni. Mara nne, mpaka dizeli ikatoka safi. Halafu mama mdogo akasema breki ya nyuma kushoto huwa inavuta. Wakafungua. Kweli.

Ijumaa, 8 Novemba

Mimi na mama mdogo tumeondoka baada ya swala. Haikuzima hata mara moja. Mlio wake mzito, sawasawa. Nilikuwa nimeusahau.

Karibu na shamba nikaizamisha kwenye mchanga. Nilivyozidi kukanyaga mafuta, ndivyo ilivyozidi kuzama.

“Teremka, mwanangu,” akasema mama mdogo.

Akapunguza upepo kwenye tairi. Akavua kandambili, akakaa kwenye usukani, akaiachia klachi polepole. Pikapu ikatoka kama inaitwa. Hakusimama mpaka palipo pagumu. Nilikimbia nyuma yake nikicheka kama mwehu.

“Nani kakufundisha?”

“Baba yako. Macho yake yalianza kwisha miaka mitano nyuma. Hakutaka mjue. Nani mwingine angeendesha?”

Nikapanda upande wa abiria. Miaka mitano nilikuwa namsifu baba kwa kuendesha vizuri uzeeni.

Jumamosi, 9 Novemba

Safari tatu, shambani mpaka ghala la chama cha msingi cha wakulima. Usukani nilimwachia yeye, mimi nilibeba.

Nilimpigia kaka Selemani asubuhi, akataka kubisha. Nikamwambia aje ghalani aone. Akafika wakati mama mdogo anarudi kinyumenyume kuingia mlangoni, upana wa kiganja kila upande, bila kugusa ukuta. Kaka akasimama pale mdomo wazi. Kisha akampigia mnunuzi asije. Akavua shati la kutokea, akaja kushika gunia upande wa pili.

Mvua ilianza tukiwa na magunia sita bado juu ya gari. Tuliyawahi. Hakuna hata moja lililolowa.

Nimemwambia kaka: pikapu ibaki kwa mama mdogo. Akasema, “Kwani ilikuwa ya nani?”

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya kawaida. Nyaraka nyingi ofisini bandarini, meli moja imefunga gati.

Saa nne mama mdogo alipiga simu. Nikashtuka, nikauliza kuna nini. Hakuna kitu, akasema. Anapeleka muhogo mnadani, ameona tu niisikie pikapu. Nikasikia boneti inafunguliwa, halafu injini.

Nikaacha kuandika nilichokuwa naandika. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha.