Kumbukumbu ya Hugh Tremlett na Kengele ya Saa Saba

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kengele ya saa saba ilipokosa kulia kule mlimani, na wanafunzi wako wakakaa na njaa wakiingojea.

Miaka yote uliyofundisha falsafa pale Oxford, kila Julai uliwapandisha wanafunzi kwenye ile nyumba ya mbao chini ya mlima Mont Blanc, wakasome. Treni iliwashusha kituo cha mwisho, kisha mkatembea, mikate na jibini mgongoni na vitabu juu yake. Umeme hakuna, maji ni ya chemchemi, na choo tukiache. Ulipoulizwa kwa nini msisomee maktaba kama watu wengine, ulijibu kwamba hakuna aliyewahi kuelewa falsafa akiwa na soksi kavu.

Ulikuwa mtu mwema, ila hukupenda wema wako utajwe. Mwanafunzi aliyekuja na viatu vya mjini alikuta jozi kuukuu mlangoni mwa chumba chake, imepakwa mafuta, na ole wake ashukuru. Ulikoroma. Ulidanganya katika michezo ya jioni, ukabishana ulipokamatwa. Uji wako haukulika, na bado ulijipangia zamu ya kuupika.

Sheria yako ilikuwa moja. Kuanzia tukishaosha vyombo vya asubuhi hadi saa saba hakuna kusema, hata jikoni. Saa saba ikifika uliinuka kwenye kiti chako cha barazani, ukaigonga ile kengele ya ng'ombe, na nyumba nzima ikaanza kupiga kelele. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Chako hakikuwa na mshindo wowote, ila wa kurasa na wa tumbo la mwanao Dominic.

Unakumbuka masizi ya bomba la jiko yaliposhika moto? Mwanafunzi wako Piers alikuja akasimama mbele yako akinyoosha kidole juu. Ukatazama mawingu, ukaafiki kwa kichwa, ukaendelea kusoma. Akanyoosha tena kwa mikono miwili. Tulipokwisha kuuzima, uliwakusanya wote ukatangaza, "Moto unaruhusiwa kusemwa. Moto tu."

Tulicheka miaka mingi kwa maneno hayo. Mwaka jana yalimwangukia Nerys Pugh.

Nerys alikuwa mwaka wa pili, binti wa wafuga kondoo wa Wales, na ulikuwa umetuambia kwamba anakushinda kwa hoja. Asubuhi ile alipita barazani akaona kitabu chako kimeanguka na kichwa chako kimeinama. Ulizoea kusinzia. Haukuwa moto, kwa hiyo hakusema. Akakiokota, akakurudishia mapajani taratibu, akaenda zake kusoma.

Mimi Frances nilikuwa nimeshuka mjini na Mama kununua mikate. Tuliporudi saa saba ilikuwa imepita zamani. Supu ilikuwa imeganda jikoni, na vijana wote wameinamia vitabu, hakuna anayethubutu kuinuka. Nikauliza, "Leo hamli?" Wote wakageuka kutazama baraza.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata wangekupigia mayowe usingerudi. Sisi tulimwamini. Nerys hakumwamini. Alirudi kwao, akaacha masomo, na chuo kikamwambia kwamba asiporejea Oktoba hii nafasi yake itakwenda kwa mwingine. Mama akapanda treni kumfuata. Alimkuta zizini.

"Ningesema tu, Bi Gillian," Nerys akamwambia. "Neno moja."

"Ungemwamsha, angekununia mpaka jioni," Mama akasema. "Nimeolewa naye, najua. Binti yangu, ile kengele haina mtu. Njoo uigonge."

Nerys akakataa. Mama akanywa chai yake, akasaidia kulisha kondoo, akarudi nyumbani. Kwa muda mrefu hatukusikia lolote.

Julai hii tulipofika kituo cha mwisho, tulimkuta amekaa juu ya begi lake, amevaa vile viatu kuukuu ulivyomwekea mlangoni. Akainuka, akapanda nasi. Asubuhi alikaa ndani na kitabu, ameligeuzia baraza mgongo. Tulimwona hafunui kurasa.

Mama alikuwa barazani, kwenye kiti chako. Jua likampata, kichwa kikainama, kitabu kikateleza kikaanguka sakafuni. Sote tulikisikia. Nerys akaweka chake chini. Akatoka, akapiga magoti mbele ya Mama, akamshika bega, na katikati ya kimya chako, Baba, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Bi Gillian, u mzima?"

Mama akafumbua jicho moja. "Mzima, binti yangu. Asante kwa kuuliza."

Nerys akalia pale pale, kichwa mapajani mwa Mama, na hakuna aliyemnyamazisha. Mama anaapa kwamba alikuwa amesinzia kweli. Sisi tunamjua Mama.

Saa saba ilipofika Nerys aliigonga kengele, akaigonga kwa nguvu mno, na ng'ombe wa jirani wakaitika bondeni. Oktoba anarudi chuoni. Na sheria yako tumeirekebisha bila idhini yako: yanayoruhusiwa kusemwa sasa ni mawili, moto, na kumjulia hali mwenzako. Tulijua ungebisha. Tulijua pia ungeshindwa.

Unakumbukwa na mkeo Gillian, wanao Frances na Dominic, dada yako Enid, wajukuu zako Posy na Kit, na wote waliowahi kula uji wako. Tunakukumbuka tukisema, na kila asubuhi ya Julai tutakukumbuka tukinyamaza.