Mayige Juu ya Kinu

Jumanne, 1 Julai 2025

Mume wangu ana wazimu. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mama mkwe atalia, nikimwambia shemeji atacheka.

Kwenye simu ya Tajudin, yule muuza vocha wa stendi, Mayige ameona mchezo wa zamani wa Wahispania. Mtu anajipaka rangi nyeupe mwili mzima, anasimama juu ya kisanduku katikati ya uwanja. Dume la ng'ombe linafunguliwa. Mtu hatikisiki. Hata kope! Ng'ombe anadhani ni sanamu, anapita zake. Don Tankredo, ndivyo wanavyouita.

Sasa naye anataka kuufanya. Jumatatu, Sabasaba, kwenye mashindano ya ngoma. Nikamuuliza sanduku atatoa wapi. Eti kinu changu kikipinduliwa kinatosha. Kinu changu!

Alhamisi, 3 Julai

Namwelewa, ndiyo tatizo. Mashindano yetu hayana majaji — penye watu wengi ndipo penye ushindi. Mwaka jana wapinzani wetu, Wagalu, walileta chatu. Sisi Wagika tulikuwa na Mayige, manju wetu, na sauti yake ile. Watu wote wakahamia kwa chatu! Tukabaki tunawaimbia mbuzi.

Tangu siku ile hajatunga wimbo hata mmoja. Anasema wakimwacha tena anauza ngoma zote, ananunua bodaboda. Simtaki huyo wa bodaboda. Lakini simtaki maiti pia.

Dume kaazima kwa mzee Kashindye wa Lalago. Linaitwa Trafiki, maana hakuna anayepita mbele yake. Lilishamvunja mtu mbavu.

Jumamosi, 5 Julai

Kajaribu kujipaka chokaa, imemuunguza ngozi. Shingo yote imevimba. Nikajua Mungu kanijibu. Wapi! Kaja kuniomba unga wa muhogo, nimkorogee uwe kama rangi. Nikakataa, nikanuna mpaka mchana.

Baadaye akapanda kinu hapo uani kufanya mazoezi. Nzi wakamtembea mdomoni. Kuku akamdonoa kidole. Nikamwita. Nikamtukana. Nikamwambia nyumba inaungua! Hakugeuka. Nikashikwa na hofu ile ya kanisani, nikajikuta naongea kwa sauti ya chini. Miaka yote hii sikujua nimeolewa na mtu wa namna hii.

Basi. Nitakoroga mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Uwanjani. Daftari gotini. Mzee Kashindye ametuonya: kelele yoyote karibu yake, Trafiki anapandwa na hasira. Upande wetu wote kimya. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Mayige yuko juu ya kinu. Mweupe pe! Sioni akipumua. Mama mkwe kajifunika kanga usoni.

Kamba imefunguliwa.

Trafiki anakuja. Mbio! Pembe chini, vumbi —

Kasimama. Jamani, kasimama! Pua iko pale pale kwenye kinu. Ananusa miguu. Sasa apite, ee Mungu, apite zake.

Hapiti. Anamlamba!

Chumvi. Ni mimi! Asubuhi nilitia chumvi kwenye unga kama natia kwenye mboga, mkono ukaenda wenyewe. Mimi mtoto wa wafugaji, kusahau ng'ombe na chumvi!

Ulimi unapanda. Goti. Paja. Unga unatoka na ngozi inaonekana, sanamu linakuwa mtu, na pembe ziko hapo hapo tumboni. Mayige hatikisiki. Mume wangu!

Ng'ambo ngoma ya Wagalu imenyamaza. Watu wao wanakuja kwetu, taratibu, wengine ndala mkononi. Chatu kabaki na anayemshika tu. Hata manju wao, Josia, yuko hapa kando yangu, kavua kofia. Ananong'ona, "Mayu, mama yangu, huyu kweli ni mtu?" Nimeitikia kwa kichwa.

Tumeshinda. Uwanja mzima uko kwetu, na hakuna anayethubutu kupiga makofi. Trafiki kamaliza mguu mmoja. Anazunguka, anaanza wa pili.