Siku Tulipobadilisha Kompyuta ya Rael

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimewasha kompyuta ya Rael saa kumi na mbili, nikaenda kukamua. Nimerudi na ndoo, kompyuta bado inazungusha kiduara chake. Nimetengeneza matrekta miaka thelathini. Hakuna hata moja lililonichosha asubuhi kama hii mashine.

Rael alikuwa amekaa anangoja, shali mabegani, mkono wa kushoto juu ya meza. Huo ndio mkono uliobaki. Kiharusi kilichukua wa kulia, kikachukua na ulimi, miaka miwili sasa. Anaandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa, mimi nasoma kwa sauti. Hivyo ndivyo mke wangu anavyozungumza. Karatasi haisaidii, mwandiko wa kushoto hata yeye mwenyewe hausomi. Vitufe vya simu ni vidogo mno.

Neno lake la kwanza leo limepatikana saa moja kasorobo: "Umegeuza sweta." Kweli. Nimekamua hivyo, na jirani alipita akanisalimu vizuri tu.

Jioni umetokea tena ule ujumbe unaofunika skrini yote. Mfumo huu umefika mwisho wake, tafuta kompyuta mpya. Rael alikuwa katikati ya sentensi. Nimeufunga kwa hasira, nikafunga na sentensi yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya. Naandika ili kesho nisijifanye haikutokea.

Watu wa Kiprono walifika saa tano kutoka Timboroa. Kiprono ndiye anayemtaka binti yetu Chebet, ambaye anafundisha Soy na kuja kwetu kila wikendi. Ilikuwa ziara ya kwanza, ya kubisha hodi na kusema wanachotafuta. Koito yenyewe, ya kukaa na kupatana, ingefuata. Rael alijiandaa wiki nzima. Maneno yake yalikuwa tayari.

Wazee walipomaliza, baba yake Kiprono akamgeukia Rael akauliza mama anasemaje. Rael akabonyeza. Skrini ikageuka. Inafanya apdeti, usizime. Asilimia mbili. Ile ile iliyosema imefika mwisho ikaona leo ndiyo siku ya kujipamba.

Tukakaa. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, imemiminwa na hakuna anayegusa kikombe. Asilimia nne. Watu wanamtazama mke wangu, mke wangu anatazama asilimia.

Nikasema mimi. "Mama Chebet anasema tusiharakishe."

Rael akagonga mkono wa kiti mara mbili. Nilidhani anakubali.

Hapa kwetu mama wa msichana akisema tusiharakishe, wageni wanajua wamekataliwa kwa heshima. Wakashukuru. Wakanywa kidogo, wakasema wana safari ndefu, wakaondoka kabla ya chakula. Kuku wawili wamebaki kwenye sufuria. Chebet amejifungia chumbani.

Mashine ilimaliza saa tisa. Rael akaandika: "Sikusema hivyo." Akapumzika, akaongeza: "Ulisema yako."

Jumapili, 12 Oktoba

Hatukwenda kanisani. Chebet amerudi Soy bila kuniaga. Alimuaga mamake.

Rael hajaandika kitu leo. Anaweza. Mashine imewaka tangu asubuhi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilisema yangu kweli. Sitaki Chebet aolewe Timboroa. Yeye ndiye anayemwosha mamake nywele Jumamosi, na mimi hupata saa mbili za kwenda kuangalia mahindi bila wasiwasi. Naogopa kubaki peke yangu na kazi hii. Nimeona aibu kuiandika hiyo sentensi, lakini ndiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni swali lingine. Miaka miwili nasoma maneno ya Rael. Mara ngapi nimeyalainisha? Mchungaji alipokuja Rael akaandika, "Mwambie maombi yake ni marefu, mgongo unauma." Nilisoma kwamba anashukuru sana. Dada yangu alipokuja niliruka mstari mzima. Nilijiambia ni adabu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimebeba kompyuta mjini, kwa Abdirahman. Ana kijiduka cha kutengeneza kompyuta. Wazazi wake walitoka Garissa, yeye amezaliwa hapa na anajua bei ya mahindi kunishinda.

Nilidhani ataniuzia mashine. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akaniuliza mama hufanya nini nayo. Nikasema huzungumza. Akaacha kupuliza.

Nilimweleza yote, hata ya Jumamosi. Akasema, "Mzee, hii mashine yako haina shida. Ni mfumo umekuwa mzito kuliko mashine. Tuweke Linux."

Nikauliza ni nini. Akasema ni kama kutoa injini ya lori kwenye pikapu na kuweka inayoitosha. Hapo nikaelewa. Kompyuta ni ile ile, ila ndani kuna fundi mwingine. Haitoi amri ya kununua nyingine. Apdeti inazo, lakini inabisha hodi kwanza, na ukikataa inangoja. Nikauliza bei. Akasema mfumo wenyewe ni wa bure, wameutengeneza watu wa kila mahali wakauacha wazi. Sikupenda. Kitu cha bure hunifanya nishike mfuko.

Akachomeka flashi, akauwasha kutoka humo bila kufuta kitu. Nilihesabu. Sikufika hamsini, imeamka.

Kisha akaandika "Habari ya asubuhi" na mashine ikaitamka. Kwa Kiswahili, bila bando, bila mtandao. Sauti mbaya kama ya mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Nimesimama pale dukani kama ng'ombe aliyeona taa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemweleza Rael. Nilijaribu kueleza pande zote mbili bila kusukuma, kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Kwamba vitu vitakaa mahali tofauti. Kwamba atalazimika kujifunza upya wakati kichwa huchoka haraka. Kwamba wa zamani anaujua kwa kidole, hata bila kutazama. Kwamba mpya una sauti, na ni mbaya.

Akauliza moja tu: "Mfumo mpya utanikatiza?" Nikasema hapana, utakuomba ruhusa.

"Basi weka. Angalau mmoja humu ndani aniombe."

Nimecheka. Naye amecheka, ule upande wa mdomo unaocheka. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempigia simu baba yake Kiprono. Nilizunguka zizi mara tatu kabla ya kubonyeza namba. Nikamwambia yale maneno hayakuwa ya mama, yalikuwa yangu, na naomba radhi. Nilisikia kuku wake. Kisha akasema watakuja kwa koito tarehe moja Novemba, kama bado tunawataka.

Akaongeza neno. "Lakini mzee, safari hii tungependa kumsikia mama mwenyewe."

Ana haki. Asiposema Rael, hakuna harusi. Na Chebet hatanisamehe, hata kama ataniletea sukari kila Ijumaa mpaka nizeeke.

Ijumaa, 17 Oktoba

Abdirahman amekuja kwetu Kapseret kwa boda baada ya swala ya mchana. Aliondoa viatu mlangoni, akamsalimia Rael kama mamake. Kabla ya kufuta akaniuliza kama kila kitu cha mama kimenakiliwa kwenye flashi. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Ndiyo. Akaniomba nifungue niangalie mwenyewe. Nikamwambia kijana, nimesema ndiyo.

Dakika ishirini. Skrini mpya, rangi ya kijani. Amemwekea herufi kubwa, na vitufe vinavyosubiriana ili mkono mmoja utoshe. Rael ameikodolea macho kama mtu aliyeingia jikoni kwa mke mwenza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeharibu.

Rael ana faili inayoitwa MANENO YANGU. Miaka miwili ya sentensi zake, ili asiandike upya kila mara. Ndani yake pia maneno ya siku ya wageni. Haimo kwenye flashi. Nilinakili folda zote lakini faili ilikuwa pale nje, kwenye uso wa skrini, mahali ilipokuwa kila siku mbele ya macho yangu. Nimempigia Abdirahman. Amerudi, amejaribu kutafuta mpaka alasiri. Haipo.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilipomwambia Rael nilikuwa nimepiga magoti kando ya kiti. Akaandika polepole, akitafuta kila herufi kwenye skrini ngeni. Nilitaka kusoma kama kawaida. Akabonyeza kitu, na ile sauti mbaya ikasema:

"Nyingi zilikuwa naomba maji. Nitaandika nyingine."

Nimelia. Yeye akanipapasa kichwa kwa mkono wake mzuri, upara wote.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Chebet yuko nyumbani, ananijibu kwa neno moja moja. Alimwosha mamake nywele, akanionyesha jinsi ya kushika shingo na kuzuia sabuni isiingie machoni. Nimejaribu. Si kazi ngumu. Nilikuwa nimeiogopa bure.

Rael anagombana na mfumo mpya. Kitufe cha kufunga kiko mahali kingine. Mara mbili amefunga kila kitu. Mara moja alipiga meza. Nikamuuliza kama turudishe ule wa zamani, Abdirahman alisema inawezekana. Mashine ikanijibu: "Nenda kwa ng'ombe."

Nimeenda.

Alhamisi, 23 Oktoba

Anaandika maneno ya koito upya. Mistari miwili kwa siku, kisha kichwa kinachoka. Nikikaribia anafunika skrini. Nimejitolea kumsaidia kuandika. Hapana. Kumsomea tu aone inavyosikika? Hapana.

Nimeumia, sitaficha. Miaka miwili hakuna neno lake lililotoka bila kupitia kinywani mwangu. Nilidhani ni mzigo. Kumbe nilikuwa nimeupenda.

Jumanne, 28 Oktoba

Jambo dogo. Saa tatu asubuhi kilitokea kisanduku pembeni mwa skrini, kwamba kuna apdeti, aweke sasa au baadaye? Rael alinitazama kwanza, ahakikishe naona. Akabonyeza baadaye, kwa madaha. Kisanduku kikaondoka kimya. Alitabasamu mpaka chai.

Jumamosi, 1 Novemba

Walikuja kumi na wanne. Wazee wa ukoo wetu na wao wakakaa, wakaulizana koo za pande zote mpaka ikaonekana hakuna undugu wa kuzuia. Wakapatana. Hayo yalichukua muda wake. Mimi sikusikia nusu yake. Nilikuwa naangalia ile taa ndogo ya betri.

Kisha baba yake Kiprono akamgeukia Rael, kama siku ile. Mama anasemaje?

Rael akabonyeza. Hakuna kitu. Skrini ikaingia giza.

Nikainuka. Mdomo ulishafunguka, nakumbuka, na neno lilikuwa ndani yake. Rael akagonga mkono wa kiti mara mbili. Safari hii nilielewa. Nikakaa. Akagusa kitufe, skrini ikarudi. Ilikuwa imelala tu, wazee walichelewesha maneno. Akabonyeza tena.

Ile sauti ya mzungu ikaijaza sebule. Mzee mmoja akaangalia nyuma ya kabati.

"Mimi ni Rael, mama yake Chebet. Siku ile sikukataa. Mashine ilininyima, na mzee wangu akasema ya kwake."

Watu walicheka. Nikatazama sakafu.

"Kiprono simjui sana. Lakini mara ya kwanza nilimwona kupitia dirisha, akimpokea Chebet mzigo bila kuambiwa. Akaubeba upande wa matope ili Chebet apite pakavu. Nataka mtu wa namna hiyo kwa binti yangu. Najua thamani yake kwa sababu ninaye. Anafoka, anageuza sweta, amenipotezea maneno yangu yote. Lakini kila asubuhi ananivalisha soksi, na huzipasha moto kwanza kwa mikono yake. Mchukueni Chebet kwa amani."

Hakuna aliyecheka hapo. Nilitoka nje kuangalia kama mbuzi wamefungwa. Hatuna mbuzi.

Chebet alinifuata. Akanigeuzia kola ya koti vizuri, akanishika mkono, tukarudi ndani. Mursik iliisha yote.

Jumatatu, 3 Novemba

Nyumba imetulia. Chebet amerudi Soy, atakuja Ijumaa kama kawaida mpaka Aprili, mwezi wa harusi. Baada ya hapo tutaona. Shingo naijua kushika.

Nimeanza kukata mahindi upande wa chini. Nilimwachia Rael kompyuta mezani, dirisha wazi, chai kwenye thamosi. Baridi kidogo, jua jembamba. Ndege ya saa nne ilitua kwenye uwanja wa jirani, kukawa kimya.

Nikiwa mstari wa tatu nikasikia: "Baba Chebet. Chai inapoa."

Nikasimama na panga mkononi. Amepandisha sauti mpaka mwisho. Kabla ya kiharusi aliniita hivyo kila siku kutoka dirisha lile lile, nami nilikuwa nakasirika kwamba ananikatizia kazi. Miaka miwili nimeingia nyumbani mwenyewe, nikaenda mpaka mezani, nikainama kusoma kama ananihitaji. Leo ameniita.

Nilijua chai iko kwenye thamosi, haiwezi kupoa. Sikuitika. Nilikaa chini katikati ya mahindi, nikangoja aniite tena.