Kigoda Kimeenda Ikonda

Mama Safina,

Usikitafute kigoda cha jikoni, tumeondoka nacho. Maharage yako jikoni, yaongezee maji.

Ulipotoka kwenda sokoni nikamtoa mama tuondoke. Fundi Amon kayakata vizuri madigadi yaliyofunika magurudumu, matairi makubwa niliyoyafunga hayasugui tena hata nikikata kona, na matope ya Makete hayatatukwamisha. Ila Landrova imepanda juu mno. Mama na magoti yake hayohayo tunayoyapeleka hospitali ya Ikonda, mguu haukufika. Nikataka kumbeba, akakataa, eti Mahongole nzima inamwangalia. Akaagiza kigoda. Alipokwisha kukaa akaniuliza, "Bashiru, hivi gari hili umemtengenezea nani?"

Vipande vya madigadi viko nyuma ya mlango. Vina makali, watoto wasiviguse.

Juzi uliniuliza mama atapandaje, nikakujibu mambo ya gari niachie mimi. ~~Lakini na wewe hukusema vizuri.~~ Ulisema vizuri.

Ukitaka kucheka, cheka leo umalize. Kesho jioni tukirudi, uwe umeshatuwekea nje stuli ya sebuleni. Kigoda chako kimevunjika mguu mama alipokikanyaga, huko Ikonda itabidi nikishikilie akishuka.

Baba Safina