Picha Iliyosafishwa Haina Baba

Mama yangu mzazi,

Nakuandikia barua hii wazi, asome anayetaka, kwa sababu neno lililomo nilikuficha miaka zaidi ya thelathini, mpaka tukakuzika nalo. Sitaki tena kulinong'ona.

Kwanza habari. Nimenunua televisheni. Usicheke. Ni nyembamba kama trei ya kahawa, imechukua ukuta mzima wa ukumbini, na picha yake ni ile wanayoiita ya ubora wa juu, maana yake unaweza kuhesabu ndevu za mtu aliye Nairobi. Majirani wote wa Shela wameshakuja kuiangalia, nami nikawapa mhadhara, unanijua. Darasa la saba nilitoka nalo kwa kuburutwa, lakini nimefika Dubai mara mbili, na Malindi hii hajazaliwa wa kunifundisha mimi mambo ya mawimbi ya hewani.

Sasa kuna stesheni imeanza kurudisha vipindi vya miaka ya themanini. Wanasema wamevisafisha, chenga zote wametoa, mikwaruzo wamefuta. Nilipoona tangazo la onyesho lile la taarabu nikaketi chini, mama, kwenye sakafu, na viti vipo.

Unaikumbuka televisheni yetu ilivyokuja? Baba alikuwa Jidda, akipika kwa tajiri mmoja. Alileta barua mbili, kisha akawapa mahujaji waliokuwa wakirudi ile televisheni, imefungwa kwa blanketi na kamba ya katani, kisha hakuleta kitu tena. Niliiwasha mbele ya mtaa mzima nikitangaza, "Leo mtaona rangi, enyi watu wa kijivu!" Rangi haikuja. Kule walikuwa wakirusha picha kwa mfumo wao na huku kwa mfumo mwingine, na chombo kile kilijua rangi za kwao tu. Zetu kilizimeza. Watu walinizomea mpaka nikaingia chooni. Wewe uliifuta vumbi kwa upindo wa leso ukasema, "Imezoea kwao. Tuipe muda, itatuzoea."

Haikutuzoea. Miaka minne tuliangalia kijivu, na miaka minne baba hakuandika. Hapo ndipo Ami Salim, mdogo wake, alipokuja kukusemesha. Alikuwa mtu wa haki, hakukusukuma. Alikutaka uende kwa kadhi, ndoa ivunjwe kwa kupotea mume, ukae eda, na ukitoka eda Mwalimu Athmani yuko, mjane, mtu mzima, mwenye nyumba na adabu zake. Siku nyingi zikapita. Kisha Ijumaa moja ulisema ukikuna nazi kwenye mbuzi, bila kuniangalia, "Jumatatu nitakwenda." Nikaona mabega yako yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Basi ikawa Jumapili.

Wiki nzima nilikuwa nikijigamba barazani kwamba nguzo yangu ya mvinje, na antena niliyoisuka mwenyewe kwa mabomba ya pazia, itanasa Uarabuni. Na kweli, siku zile za joto, upepo ukifa kabisa, mawimbi ya mbali yalivuka. Tulikuwa tukisikia mtu akisoma Kiarabu chini ya habari zetu, sauti nyembamba, kama iliyotoka mtungini. Wewe hukuipenda. Ulisema sauti isiyo na mdomo haikaribishwi nyumbani.

Jioni ile kabla ya magharibi nilikuwa juu ya paa, nimeikumbatia nguzo. Onyesho la taarabu lilikuwa likiendelea. Nakusikia mpaka leo: "Geuza! Rudisha! Hapo, hapo, usipumue!" Nikaacha kupumua. Maelekezo yakakoma. Nikasikia wimbo tu, na chini ya wimbo ile sauti ya mtungini. Halafu Mwanahamisi, dada yangu, akapiga ukelele: "Baba!"

Niliteremka ngazi nikajichubua goti. Nilipoingia kulikuwa na chenga tupu, na nyinyi wawili mmesimama. Mlinieleza kwa zamu, mkikatizana. Alipita mbele ya wanawake waliokaa, akaenda kusimama penye pazia, akapiga makofi. Alipiga kama yeye, kiganja kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja cha kushoto kiliungua mafuta katika jiko la hoteli, kabla hajasafiri. Wenziwe walipokwisha kupiga, yeye akaendelea. Na shati lake, mama, ukanishika kifua ukisema, "Shati la kijani. Kijani! Wote kijivu, yeye rangi!"

Kisha ukaniuliza, "Nawe umemuona?"

Nikasema, "Nimemuona kwa dirishani nikishuka ngazi, mama. Ndiye."

Sikumuona. Nilikuwa juu ya paa, naitazama bahari. Nilisema ndiye kwa sababu nilijigamba wiki nzima nitanasa Uarabuni, na sasa mimi ndiye fundi niliyemleta baba nyumbani kwa bomba la pazia. Na kwa sababu uso wako ulikuwa umefunguka, sikujua jinsi ya kuufunga.

Jumatatu hukwenda kwa kadhi. Mwalimu Athmani alingoja mwaka, akaenda kuoa Takaungu. Ami Salim alipotaka baba asomewe hitima ulimwambia mlangoni, "Aliyeonekana hasomewi." Nguo zake ukawa unazifukiza ubani kila Alhamisi mpaka shati zikageuka rangi. Na kila Jumapili uliketi mbele ya kile kijivu, huku umejitanda leso nzuri, kama mtu anayengoja kuitwa. Nilikupita pale mlangoni mara ngapi? Kila mara nilikuwa na mzaha mdomoni badala ya lile neno.

Basi onyesho lilipotangazwa nikamwita Mwanahamisi. Alikuja kutoka Kibarani, Kilifi, akafika amebana buibui kama anayekwenda kuona maiti.

Mama, vipindi vile havikufanyiwa macho haya. Nasema kama fundi. Kuta tulizodhani ni jumba la sultani ni mbao nyembamba, unaona misumari. Mnazi ule wa nyuma umechorwa kwa rangi ya nyumba. Mwimbaji, Mungu amrehemu, utaona poda ilivyopasuka kwenye paji la uso na jasho linavyotafuta njia. Mpiga fidla amevaa soksi mbili zisizo ndugu. Karibu wote wale ni marehemu, na wako wazi kuliko mimi niliyekaa sakafuni. Wakati wetu chenga ziliwasitiri. Sasa wanakutazama, na ukisogea upande wanakufuata kwa macho.

Ukaja wimbo wenyewe. Mwanahamisi akanishika mkono. Wanawake wamekaa safu mbili. Yule wa mwisho, mwenye buibui, ghafla akasogeza magoti upande, kama anayempisha mtu. Akainua uso, akatabasamu. Hapiti mtu. Penye pazia hapana mtu. Makofi yakapigwa, yakakoma, na hakuna aliyeendelea.

"Rudisha," Mwanahamisi akasema.

Televisheni hii hurekodi yenyewe, tukarudisha mara saba. Mara saba yule mwanamke akasogeza magoti, akampisha asiyekuwapo.

Nikampigia simu Kadzo, fundi wa kike aliyenifungia televisheni, Mgiriama mwenye ulimi, akaja. Nikamwonyesha, nikamweleza ya Jumapili ile, nikamuuliza kama mashine ya kusafisha inaweza kumfuta mtu.

"Inafuta inachokiona uchafu," akasema. "Kivuli, doa, chochote kisichokaa sawa. Yenyewe haijui baba wa mtu." Kisha akaniangalia kwa huruma. "Lakini mzee, hata isingesafishwa, asingekuwapo. Kama mawimbi mawili yaliingiliana kwenye antena yako, yule wa pili hakuwa kwenye mkanda. Alikuwa hewani tu, siku ile, saa ile. Hata nyumba ya pili huenda hawakumpata."

"Na magoti?"

Kadzo akaangalia tena, amesimama karibu na skrini. Akachukua begi lake la vyombo. "Mzee, zima. Si kila kitu cha kurudisharudisha."

Nilidhani picha safi itanihukumu au itaniachilia. Haikufanya lolote. Kama baba alikuwa hai siku ile, mbele ya kamera fulani huko Jidda, na shati la kijani, picha yake ilipita juu ya nyumba yetu mara moja ikaenda zake. Kama alikuwa ameshakufa, sitaki kufikiri ni nani aliyepishwa.

Kadzo alipoondoka Mwanahamisi akaniuliza, "Wewe ulimuona kweli?"

Nikataka kutia mzaha. Nikasema, "La."

Akalegeza buibui. Kisha akasema, "Nilijua. Ngazi ilikuwa upande wa kisima. Upande ule hakuna dirisha."

Mama, nyumba ile ukiifagia wewe kila alfajiri, pande zote nne. Kama ulijua, kwa nini ukanishukuru? Ulinibusu paji la uso jioni ile, ukaniita jicho lako. Na kama hukujua, nilikuibia Jumatatu yako na kila siku iliyokuja baada yake, na mume mwema, na pengine watoto wengine wenye akili kunizidi. Nimekaa na maswali haya mawili mwezi mzima. Mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu barazani.

Mwanahamisi anataka Alhamisi ijayo tuwasomee hitima nyote wawili, wewe na baba. Ameshazungumza na mwalimu wa msikitini, ameshaagiza mchele. Alisema, "Sema wewe. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyesema ndiye." Nimekubali. Nakuomba radhi kwa kuvunja neno lako la pale mlangoni, na nakuomba radhi zaidi kwa kukusababisha ulitamke.

Jina lako nitalitaja kwa sauti yangu yote, mtaa usikie. La baba nitalitaja polepole, karibu kwa pumzi tu, ili kama yu hai mahali, asishtuke.

Lala salama, mama.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, uliyeniita jicho lako.